Bei Poa ni Ipi? Gawanya Kwanza

Kama umekulia kwenye nyumba ya mkulima wa korosho, maana ya kilo unaijua tangu utotoni. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh 3,300, bei hiyo ilikuwa ya kilo moja, kwenye mzani. Ndiyo maana kangomba inapigwa vita. Mnunuzi anakuja kijijini na pesa taslimu na chombo chake cha kupimia. Mkulima anahesabu noti, hahesabu kilo zilizoondoka.

Sasa mbona wewe ukiingia dukani unafanya vilevile?

Wachukue wanafunzi wanaotoka Msimbati au Mahurunga, wamepanga chumba Mtwara mjini ili wawe karibu na shule. Kila jioni mmoja anatumwa dukani: mafuta ya mia tano, sukari robo. Matumizi madogo tu, eti! Hebu tupige hesabu (bei hizi ni za mfano, wewe weka za dukani kwenu).

Robo ya sukari ni Sh 900, kilo nzima Sh 3,000. Robo nne ni Sh 3,600. Umeshapoteza 600 kwenye kila kilo.

Mafuta ya kupimiwa yana ujanja zaidi, maana kile kipimo hakijaandikwa kitu. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, uimimine humo kila unaponunua. Kama vipimo saba vya mia tano ndivyo vinavyoijaza, nusu lita umeinunua Sh 3,500, yaani lita Sh 7,000. Jirani yake inauzwa chupa ya lita kwa 6,000!

Kwa dada zetu, pedi nazo zihesabiwe. Pakiti ya pedi 8 kwa Sh 2,000 ni 250 kila moja. Ya pedi 10 kwa 2,200 ni 220. Usidanganywe na ukubwa wa pakiti, soma idadi. Anayeishiwa pedi hukaa na moja kutwa nzima, wakati inatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi. Wala usisubiri kodi ikuokoe: VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka.

Kwa nini gazeti la afya linahangaika na bei? Kwa sababu pesa ikikata katikati ya mwezi, wapo wanaolala na chai kavu. Na kwa wasichana, hapo ndipo mtu mzima fulani anapojitokeza na "msaada", na unajua msaada huo unavyodaiwa. Sisemi robo ya sukari inaleta mimba, la hasha! Lakini njaa ya tarehe 20 mara nyingi ilianza tarehe 2, dukani.

Mafungu ya sokoni ndiyo kasheshe. Nyanya unaweza kuhesabu, dagaa je? Nunua fungu moja, omba duka lenye mzani wakupimie. Fungu la Sh 1,000 likiwa na gramu 400, kilo ni 2,500. Angalia pia kama dagaa wamekauka. Maji nayo yana uzito, na mchanga pia. Mzani wenyewe uwe na stika ya Wakala wa Vipimo.

Kununua kingi si dawa ya kila kitu. Kilo tano za nyanya zitaoza chumbani, na mafuta yakiwa mengi watu humimina bila huruma. Kama mfukoni huna ya lita nzima, changeni watatu. Mkigawana, tumieni ile chupa ya nusu lita, wote mkiwepo.