Kuiona Meli Si Kuilinda Pwani

Siku hizi mtu aliyeketi nyumbani mwake, mwenye simu ya mkononi na intaneti, aweza kufungua ramani ya bahari akaona meli za biashara za dunia nzima zikienda na kurudi kama siafu. Akigusa alama moja, atasoma jina la meli, bendera yake, mwendo wake na bandari iendayo. Habari zilizokuwa mikononi mwa wakubwa wa bandari na makampuni ya meli sasa ziko wazi kwa kila mtu. Sisi twalifurahia jambo hili. Lakini twaona hatari ndani yake, nayo ni kudhani kwamba bahari inayoonekana ni bahari inayolindwa.

Kwanza yafaa tueleze ramani hiyo yapataje habari zake. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini waamuru kila meli ya tani 300 na zaidi iendayo nchi za nje, na kila meli ya abiria, iwe na chombo cha redio kiitwacho AIS. Amri hiyo ilianza kutumika kikamilifu mwisho wa mwaka 2004. Chombo hicho hutangaza chenyewe namba ya meli yenye tarakimu 9, mahali ilipo, inakoelekea na mwendo wake. Meli iliyo safarini hutangaza kila baada ya sekunde chache, na iliyotia nanga kila dakika 3. Kusudi la kwanza lilikuwa meli zisigongane. Mitambo ya pwani huzinasa habari hizo kwa umbali wa kadiri ya maili 40 za baharini. Mbali zaidi ya hapo huzinaswa na setelaiti. Kisha zote hukusanywa na kuchorwa katika ramani.

Wasomaji wetu watakumbuka yaliyoipata Mauritius mwaka 2020. Meli ya shehena iitwayo Wakashio, yenye urefu wa karibu mita 300, mali ya kampuni ya Japani na yenye bendera ya Panama, ilikuwa ikitoka Asia kwenda Brazil. Haikuwa na mzigo, lakini ilichukua kadiri ya tani 3,800 za mafuta ya kuiendesha. Mpango wa kwanza ulikuwa ipite maili 22 kutoka kisiwani. Njiani mpango ukabadilishwa, ikawa maili 5. Na tarehe 25 Julai wakataka kusogea hata maili 2 tu. Kampuni iliyoikodi ilitangaza mwezi Desemba mwaka ule kwamba mabaharia walisogea wakitafuta mawimbi ya simu za mkononi, na kwamba ramani waliyoitumia haikuonyesha pwani ile kwa kinaganaga. Jioni hiyo meli ikapanda mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny.

Hebu tulipime jambo hili. Safari ya meli hiyo ilitangazwa hewani, na baadaye watu wa nchi mbalimbali waliifuata katika ramani hatua kwa hatua mpaka mwambani. Ramani iliona, na meli ikapanda mwamba vilevile. Tena ilikaa pale siku 12 kabla mafuta hayajaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Kadiri ya tani 1,000 zikamwagika, na tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili. Wananchi wa kisiwa kile walishona vitambaa, wakavijaza majani ya miwa, wakavitandaza baharini kuyazuia mafuta kwa mikono yao. Mwezi Desemba 2021 nahodha na msaidizi wake walihukumiwa kifungo cha miezi 20. Hukumu hiyo haikuwarudishia wavuvi siku zao za kazi zilizopotea.

Wako watakaosema kwamba ramani ikiboreshwa, mambo yatatengenea yenyewe. Sisi hatukubali. Ramani hii husema lile iliyoambiwa na meli. Jina la bandari iendayo huandikwa na mabaharia wenyewe, na wakiandika uongo, ramani huuchora uongo. Nahodha aonaye hatari, kama vile ya maharamia, aruhusiwa kuzima chombo chake. Lakini wako pia wanaokizima ili kuficha biashara haramu. Na mwezi Juni 2017, katika Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk, mitambo ya meli zisizopungua 20 ilidanganywa, ikaonyesha kwamba meli hizo ziko katika uwanja wa ndege ulio nchi kavu!

Mambo haya yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Meli za mafuta zitokazo Ghuba hupita mbele ya mwambao wetu kuelekea Mlango wa Msumbiji, na matumbawe yetu hayana ugumu kuliko ya Mauritius. Tena ngalawa ya mvuvi wa Mafia au wa Lamu haina AIS. Katika ramani ile mvuvi huyo hayumo, ingawa yeye ndiye wa kwanza kupoteza riziki yake mafuta yakimwagika.

Hatuanzi na mikono mitupu. Chini ya Kanuni za Djibouti za mwaka 2009 viliwekwa vituo vya kupashana habari Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a, kwa ajili ya kupambana na maharamia. Twasema kwamba kazi ya namna hiyo yapaswa kuwa pana zaidi. Hapana budi pawepo watu wa kuitazama ramani usiku na mchana, wenye amri ya kuiita meli inayopotoka njia na kuiuliza yaenda wapi. Pawepo na meli za kuvuta zilizo tayari, na vifaa vya kuzuia mafuta vikae karibu na miamba kabla ya msiba. Vijana wetu wafundishwe kazi hii, na wavuvi wapewe njia ya kutoa habari na kusikilizwa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Macho tumekwisha kuyapata. Siku meli nyingine itakapoelekea mwambani, tusije tukaulizwa kwa nini tuliitazama tu ikipita.