Homa Haishuki na Malaria Hakuna? Kutana na Mdudu wa Matope Anayejificha Ndani ya Seli Zako

Hii stori unaijua. Msee anashikwa na homa, anaenda kwa duka la dawa, anauziwa dawa ya malaria. Wapi. Anapimwa, malaria hakuna, anaambiwa basi ni taifodi. Anameza zingine. Wiki ya tatu amekonda, anakohoa, watu wanaanza kunong'ona TB. Mara nyingi kweli huwa ni moja ya hizo. Lakini kuna ugonjwa unaweza kufanana na zote tatu na wengi wetu hatujawahi kuusikia: melioidosisi.

Bakteria yenyewe ni Burkholderia pseudomallei. Inaishi kwa udongo na maji ya nchi za joto, na haikutafuti. Ni wewe unaingia na kidonda kwa matope, unakunywa maji machafu, ama unavuta matone yake wakati wa dhoruba. Ndio maana kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa wakulima wa mpunga, na huko Darwin, Australia, wagonjwa huongezeka msimu wa mvua. Mtu kumwambukiza mwenzake ni nadra sana, kwa hivyo usimhepe jirani.

Shida ni venye inabadilisha sura. Wengi hupata nimonia. Wengine wanaota majipu ya usaha ndani ya ini, wengu ama figo, mahali huwezi kuona. Wanaume wengine, usaha unakaa kwa tezi dume. Watoto Thailand huvimba shavu karibu na sikio. Ikiingia kwa damu mtu anaweza kudedi ndani ya siku mbili. Halafu kuna ile ya kutisha zaidi: kulala. Mwanajeshi mmoja Mmarekani aliyeshikwa mateka Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliugua miaka 62 baadaye. 62, manze!

Nani yuko hatarini? Kisukari ndio namba moja. Tafiti nyingi zinaonyesha karibu nusu ya wagonjwa ama zaidi wana sukari, na wengine hugundua hapo hapo kitandani. Wafuatao ni wenye figo mbovu, mapafu yaliyoharibika, na wale wa kupiga mtungi kupita kiasi.

Sasa, mbona huyu mdudu ni mgumu hivi? Jibu liko kwa jeni zake. Jenomu yake ilisomwa yote 2004, na ikapatikana ina kromosomu 2, wakati bakteria nyingi huwa na 1. Ni herufi kama milioni 7.2, ilhali ile E. koli ya tumboni ina kama milioni 4.6. Kromosomu kubwa inabeba kazi za kila siku, ndogo imebeba sana mbinu za kuishi popote. Kuna pia vipande 16 vinavyoonekana vilitolewa kwa bakteria wengine, kama mtu anayeokota spea kila gereji anapita.

Jeni zingine hutengeneza pampu zinazotema dawa nje, na ndio maana jentamaisini kawaida haimfanyi kitu. Zingine humwezesha kuingia ndani ya seli, kutumia protini za seli hiyo hiyo kujisukuma, kisha kuunganisha seli jirani ziwe moja. Hatoki nje kabisa. Kinga yako inapiga doria barabarani na yeye anahama nyumba kwa nyumba kupitia ukutani.

Jeni hizo hizo humchoma pia. 2021, watu 4 Marekani, kwa majimbo 4 tofauti, waliugua bila kusafiri nje. Jenomu za bakteria zao zilikuwa karibu sawa kabisa, dalili kwamba chanzo ni kimoja. Kilikuwa manukato ya kupuliza nyumbani, yaliyotengenezwa India. Wawili walikufa. Na utafiti wa 2017 uliolinganisha jenomu kutoka pande nyingi za dunia ulionyesha bakteria za Amerika zilitoka Afrika, kwa kipindi kinacholingana na biashara ya watumwa.

Kwa hivyo Afrika iko ndani. Makadirio ya 2016 yalisema watu 165,000 huugua kila mwaka duniani na 89,000 hufa, na nchi nyingi zina mdudu ila haziripoti. Hata hapa, kuna ripoti ya 1982 ya mtalii wa Denmark aliyepatikana nayo baada ya kutoka Kenya. Mtalii alipimwa kwao. Wewe ungepimiwa wapi?

Kuithibitisha lazima damu, usaha ama makohozi yaoteshwe maabara, na inachukua siku kadhaa. Hata ikiota, fundi asiyeijua anaweza kuiona kama uchafu tu na kuitupa. Kwa hivyo kama homa imekataa na malaria imekosekana, ambia daktari kama una sukari, kama ulikuwa kwa mafuriko ama shamba la mpunga, kama umetoka Asia. Omba damu ioteshwe kabla ya kubadilishiwa dawa mara ya nne.

Dawa zipo. Ni sindano za seftazidimu ama meropenemu angalau siku 10 hadi 14, halafu Septrin, ndiyo, ile ile, kwa karibu miezi 3. Wengine huacha mapema juu wanaskia poa, na hapo ndipo hurudi.