Gurudumu Jepesi kwa Fedha Kidogo

Baiskeli ya milimani iliyonunuliwa sokoni ikiwa imekwisha kutumika huonekana kuwa bahati kwa askari mwenye mshahara wa kawaida. Fremu yake ni imara, matairi yake ni manene, na giya zake humwezesha mtu kupanda kilima ambacho kwa baiskeli nyingine angelazimika kushuka na kusukuma. Lakini baada ya majuma machache ya kuiendesha kutoka kambini hadi mahali pa kazi, mwenye nayo huanza kulalamika kuwa chombo ni kizito. Kila anapoanza mwendo hutumia nguvu nyingi, na inapombidi kuibeba begani ili avuke mtaro, humwelemea. Ndipo wazo la kununua baiskeli nyingine, nyepesi na ya bei kubwa, linapoanza kuisumbua akiba ya nyumba.

Kabla akiba hiyo haijaguswa, yafaa magurudumu yatazamwe kwanza. Humo ndimo uzito unapoweza kupunguzwa kwa fedha kidogo, mradi kazi ifanywe kwa mpango na bila kuhatarisha maisha ya mwendeshaji.

DENI LA GURUDUMU

Fremu, kiti na usukani husonga mbele tu. Tairi, mpira wa ndani na rimu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: husonga mbele na tena huzunguka. Kwa sababu hiyo, mtu anapoongeza kasi, gramu moja iliyo kwenye ukingo wa gurudumu humdai nguvu karibu sawa na gramu mbili zilizo kwenye fremu. Habu haina deni kubwa la namna hiyo, kwa kuwa iko katikati.

Hata hivyo, haifai mtu kupumbazwa na maneno ya wauzaji. Katika kupanda kilima kwa mwendo usiobadilika, gramu ya gurudumu ni sawa na gramu nyingine yoyote. Mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 15 akipunguza kilo 1, amepunguza sehemu moja tu katika 85 za mzigo wote; safari ya kilima ya dakika 60 itapungua kwa muda usiofika dakika moja. Faida huonekana zaidi pale ambapo mwendo hukatikakatika: katika njia za mawe, kwenye kona, katika matope, na kila mara mtu anaposimama na kuanza upya. Huo ndio mwendo wa askari wa doria. Polisi wa mji wa Seattle, Marekani, walipoanza doria ya baiskeli za milimani mwaka 1987, walizihitaji kwa ajili ya kupenya katika barabara zilizojaa magari, si kwa ajili ya mbio ndefu.

FUNZO LA MLIMA TAMALPAIS

Historia ya baiskeli hizi yenyewe inafundisha. Mwaka 1976, katika wilaya ya Marin, jimbo la California, vijana walianza kushindana kuteremka kwenye njia za vumbi karibu na Mlima Tamalpais. Walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi manene, na nyingi zilikuwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya ya chuma bora, maalumu kwa njia hizo. Lakini baiskeli yake bado ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, maana rimu zilikuwa bado za chuma.

Rimu za aluminiamu za inchi 26 zilipopatikana kutoka Japani, mambo yalibadilika. Mwaka 1981 baiskeli ya Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi, iliuzwa ikiwa na rimu za aina hiyo. Fremu nzuri pekee haikutosha. Ilibidi gurudumu nalo lifuate.

KUANZIA PASIPO GHARAMA

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Baiskeli igeuzwe, na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likisimama upesi, kosa huenda si uzito. Huenda mpira wa breki unagusa rimu, au habu imekazwa kupita kiasi, au grisi yake imekauka. Tairi lisilo na upepo wa kutosha nalo huifanya baiskeli kuwa nzito kuliko gramu zozote zile. Mtu wa uzito wa kawaida mwenye tairi la inchi 2.1 huhitaji upepo wa pauni 30 hadi 40 hivi kwa inchi ya mraba. Mipaka ya tairi huandikwa ubavuni mwake, na haifai kuivuka. Matope makavu yaliyogandamana kati ya meno ya tairi nayo ni mzigo unaozunguka. Huondolewa kwa maji na burashi.

Baada ya hapo, mizani ya jikoni iazimwe kwa mama wa nyumba, na kila kitu kinachotolewa kwenye gurudumu kipimwe na kuandikwa katika daftari. Asiyejua alichokuwa nacho hawezi kujua alichopunguza.

MPIRA WA NDANI

Mpira wa ndani wa kawaida wa inchi 26 huwa na gramu 200 hivi. Ule mzito unaotengenezwa kukinga miiba waweza kufikia gramu 400, na mara nyingi mnunuzi wa baiskeli iliyotumika haujui mpaka afungue tairi. Mwepesi huwa na gramu 120 hadi 140. Kubadili mizito miwili kwa ya kawaida huondoa karibu gramu 400, nayo ni kazi ya nusu saa.

Anayeishi mahali penye miiba mingi afikiri mara mbili. Mpira mwembamba hutoboka upesi, na mpandaji anayeziba pancha gizani hapati faida yoyote ya wepesi. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kwa hiyo, mwenye uwezo wa kununua mpira mmoja tu mwepesi na auweke mbele.

TAIRI

Tairi la inchi 26 kwa 2.1 lenye waya wa chuma kwenye kingo zake huwa aghalabu na gramu 700 hadi 900. Lile ambalo waya wake umebadilishwa kwa nyuzi ngumu za aramidi, hata likaweza kukunjwa, mara nyingi huwa na gramu 500 hadi 650. Jozi moja yaweza kupunguza nusu kilo, tena mahali pa nje kabisa pa gurudumu.

Kosa la wengi ni kulitupa tairi ambalo bado ni zima. Kwa mfano wa hesabu tu, tairi jepesi likiuzwa shilingi 90,000 na kupunguza gramu 250, kila gramu imenunuliwa kwa shilingi 360. Lakini aliyesubiri mpaka tairi lake likawa kipara angelazimika kununua jingine kwa vyovyote. Kama lile la kawaida ni shilingi 50,000, gharama ya wepesi ni ile tofauti ya shilingi 40,000, na kila gramu imemgharimu shilingi 160. Subira imemwokolea zaidi ya nusu ya gharama hiyo.

Vipimo navyo vyataka uangalifu. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 haliingii kwenye rimu ya baiskeli ya milimani ya inchi 26, ingawa yote mawili huitwa ishirini na sita. La kutafutwa ubavuni ni tarakimu 559, ambayo ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli mpya zaidi za milimani zina rimu za milimita 584 au 622. Mtu na aandike tarakimu zake kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

RIMU NA SPOKI

Mwenye rimu za chuma ana sababu kubwa kuliko uzito ya kuzibadili. Rimu ya aluminiamu ya baiskeli ya milimani huwa na gramu 450 hadi 550 hivi, na ya chuma huizidi sana. Lakini jambo la maisha ni breki: mvua inaponyesha, mpira wa breki huteleza juu ya chuma kilichopakwa kromi, na baiskeli hukataa kusimama. Aluminiamu hushikwa vizuri zaidi. Fedha zikiwa za kazi moja tu kubwa, hii ndiyo yenye faida mbili.

Rimu mpya lazima iwe na idadi ya matundu iliyo sawa na ya habu, ama 32 ama 36. Fundi apime urefu wa spoki, kwa kuwa za zamani huenda zisifae. Spoki zilizopunguzwa unene katikati ni nyepesi na za kudumu, lakini kuzibadili peke yake ni hasara. Zingoje siku ambayo gurudumu linafumwa upya.

YA KUKATAZWA

Wapo wanaong'oa spoki chache, wanaotoboa rimu ili kupunguza chuma, na wanaokata meno ya tairi kwa kisu. Mambo hayo hayana mjadala: ni ya kuangusha watu. Rimu ya aluminiamu ambayo ubavu wake umelika na breki hata ukabonyea ndani ni nyepesi kweli, lakini iko karibu kupasuka, na ya kutupwa ni hiyo. Vioo vya kuakisi mwanga navyo visiondolewe kwa ajili ya gramu chache. Dereva wa lori usiku huviona hivyo kabla hajamwona mwendeshaji.

MASHAURI YA NYUMBANI

Baiskeli ya askari ni ya nyumba nzima. Jumapili mwenye nayo hushindana na wenzake kilimani, na Jumatatu baiskeli hiyo hiyo hubeba dumu la maji la lita 20 au mkungu wa ndizi. Dumu hilo peke yake ni kilo 20; mbele yake gramu 500 si kitu, na tairi jembamba laweza kupasuka chini yake.

Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baiskeli za milimani huko California, alizuru Rwanda mwaka 2005 na kuwaona wananchi wakibeba mizigo juu ya baiskeli za mbao. Mradi aliouanzisha uliwaletea wakulima wa kahawa baiskeli ndefu na imara za kubebea magunia. Fundi aliyesifika kwa wepesi hakuupeleka kule. Alitazama kwanza kazi ya chombo.

Basi ni heri bwana na bibi wakae pamoja na daftari lao. Ikiwa baiskeli ni ya doria na michezo, kwanza ibadilishwe mipira ya ndani, kisha matairi yanapokwisha, kisha rimu. Ikiwa ni ya mizigo, matairi yabaki manene na fedha ziende kwenye rimu za aluminiamu na breki. Ikiwa ni ya kazi zote mbili, matairi mazito ya zamani yasitupwe. Yatundikwe ukutani na kurudishwa siku za mzigo. Kuyabadili huhitaji vyuma viwili vya kufungulia tairi na pampu.

Haba na haba hujaza kibaba, na gramu kwa gramu hupunguza kilo. Lakini gramu ya kwanza kuokolewa na iwe ile isiyohitajika. Ile inayomrudisha baba au mama salama nyumbani usiku wa mvua haina budi kubaki mahali pake.