Mkaa Mbadala na Imani ya Mnunuzi

Katika mji wa Dar es Salaam, ambako mkaa ungali ndio moto wa kila siku katika majiko mengi, gharama yake kwa misitu ni kubwa kuliko bei inayolipwa sokoni. Kwani tanuri la udongo la kienyeji hula kuni kilo tano hadi kumi ili litoe kilo moja ya mkaa. Na huku misitu ikiteketea, vifuu vya nazi, pumba za mpunga, mabua na vumbi la mbao hutupwa ovyo, ilhali vyaweza kugeuzwa nishati isiyokoma, maadamu shamba hulimwa tena na mti hupandwa tena.

Kazi ya kuzigeuza taka hizo kuwa mkaa mbadala si siri. Taka hukaushwa, huchomwa katika pipa lililozibwa hewa hadi ziwe nyeusi bila ya kuwa majivu, husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo ili zishikane, hushindiliwa kwa mashine, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Wepesi huo ndio unaowaghuri wengi wakadhani kwamba aliyejua kutengeneza amejua na kuuza, hali tijara hii husimama juu ya imani ya mnunuzi.

Jambo la kwanza ni ubora. Tuzitazame pumba za mpunga. Zina silika nyingi, hata yapata sehemu moja katika tano ya uzito wake ni majivu. Na zikichomwa kuwa mkaa, mvuke na gesi huondoka, majivu yakabaki yote, basi sehemu yake huzidi. Muuzaji anayeziuza kwa bei ya mkaa wa vifuu, ambao majivu yake ni haba, humpunja mama lishe moto aliokwisha kuulipia. Naye akiona maharage hayajaiva na jiko limejaa majivu, harudi tena, na aghalabu huwaonya na jirani zake. Kadhalika mkaa uliouzwa ungali mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla sufuria haijapata fungu lake.

Jambo la pili ni masafa. Taka ni nyepesi na hujaza gari upesi, kwa hiyo anayezisafirisha mbali kabla ya kuzishindilia hulipia nauli ya hewa. Mashine na iwe karibu na kinu cha mpunga, au kama kule Mafinga, kando ya viwanda vya mbao vya msitu wa Sao Hill.

Fursa ipo. Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shule hununua kwa wingi na kwa mizani, nayo yaweza kumpa mtengenezaji soko la kudumu, bora bidhaa ya mwezi huu isihitilafiane na ya mwezi ujao.

Basi nawasihi watengenezaji waandike juu ya kila mfuko asili ya taka, uzito na kiasi cha majivu, wala wasiuze kisichokauka. Na wanunuzi nao wayadai hayo kabla ya kutoa fedha zao.