Saratani ya mapafu: Kwa nini vinasaba vya uvimbe husomwa kabla ya dawa

Wagonjwa wawili, saratani ya mapafu, kidonge kilekile. Mmoja anapata nafuu ndani ya wiki chache. Mwingine, uvimbe unazidi kukua. Mwaka 2003 Marekani iliporuhusu dawa ya gefitinib, madaktari hawakujua kwa nini.

Jibu lilikuja 2004. Watafiti wa Boston walisoma vinasaba vya uvimbe wa waliopata nafuu kubwa, wakakuta karibu wote wana hitilafu kwenye jeni ya EGFR, ile inayoiamuru seli ikue. Ni kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Gefitinib huizima.

Kumbe kubahatisha kuna gharama. Utafiti wa IPASS, uliofanyika Asia na kuchapishwa 2009, ulionyesha kuwa kidonge kilisinyaza uvimbe kwa 71% ya wenye hitilafu hiyo. Wasio nayo? 1% tu, wakati kemo ya kawaida iliwasaidia karibu 24%.

Ndiyo maana sasa kipande cha uvimbe hupelekwa maabara kwanza, mashine isome jeni nyingi kwa mpigo. Si kila mtu hutoka na jibu zuri: hitilafu nyingine bado hazina dawa.

Na saratani ni janja. Baada ya takriban mwaka, mara nyingi hitilafu mpya iitwayo T790M huzuka na kidonge kinagoma. Hapo mgonjwa hupimwa tena, safari hii pengine kwa damu tu, maana uvimbe humwaga vipande vya vinasaba humo. T790M ikionekana, huhamishiwa osimertinib.