Nakshi Isiyo na Mshono: Kutoka Mkeka wa Aqal Hadi Kompyuta

Mwanamke wa pwani ashonaye mkeka hujua taabu moja ambayo mnunuzi haioni. Ukili wa kwanza una nakshi yake, na wa pili vivyo hivyo. Zikishonwa ubavu kwa ubavu bila kuangaliwa, nakshi hukatika njiani, na jicho huuona mshono kabla ya kuuona mkeka. Taabu hiyo hiyo humkabili leo kijana wa Garissa aketipo mbele ya kompyuta akitaka kuieneza picha ya kipande kidogo cha mkeka mpaka ijaze ukurasa mzima, iwe mandhari ya kadi ya harusi au ya kitambaa.

Huko Garissa, Wajir na Mandera, mikeka si ya kulalia tu. Nyumba ya wafugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa, kisha hufunikwa kwa mikeka, na siku ya kuhama yote hufunguliwa na kupakiwa ngamiani. Lakini wahamao wamepungua. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na jamaa nyingi zikasogea karibu na miji. Aishiye chini ya bati hahitaji mkeka wa kufunika nyumba, na binti asiyeuhitaji hana sababu ya kujifunza kuusuka. Ndiyo maana twaona kazi hii ya kompyuta, ijapokuwa huonekana kama mchezo, ina uzito wake.

Programu ziko nyingi. Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, hulipiwa. GIMP, iliyotoka mwaka 1996, ni ya bure, na kwa kazi hii yatosha kabisa.

Kwanza mkeka upigwe picha kutoka juu, kivulini. Jua likiupiga kutoka upande mmoja, upande huo utang'aa zaidi, na vipande vikishapangwa utaona mistari ya mwanga na giza ambayo msukaji hakuikusudia. Kisha ikatwe pale nakshi inapoanza hadi pale inapotaka kuanza tena, wala isizidi hapo. Hesabu miyaa, usikisie; ukikosea uzi mmoja, nakshi itapanda ngazi kila kipande kinapokutana na mwenziwe.

Sasa ndiyo hila yenyewe. Programu ina amri ya kuisogeza picha nusu ya upana wake na nusu ya urefu wake, na kinachotoka upande mmoja huingia upande wa pili. Kingo za zamani zitakutana katikati na kuonyesha kasoro zake zote kwa umbo la msalaba, ilhali kingo mpya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya picha na zilishikana tangu awali, zitaungana zenyewe. Basi hunakili sehemu safi kwa brashi ya kunakilia na kuufunika ule mshono wa katikati, bila kuzigusa kingo. Kisha jaza karatasi kubwa kwa kipande hicho, usimame mbali utazame. Doa moja la chai likirudiwa mara 100 huwa ugonjwa wa ngozi.

Msomaji atauliza, je, khanga? Khanga haifai. Ina pindo, mji na jina. Imekusudiwa kuwa na mwisho. Jaribu kurudia jina lake ukuta mzima uone kama hutadhani mtu amepandwa na wazimu! Zinazofaa ni nakshi za mikeka na za vigae vya misikiti, ambazo haziishi. Mrusi Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kuwa njia za kuirudia nakshi namna hiyo juu ya bapa ni 17 tu. Mafundi walikuwa wakizitumia karne nyingi kabla yake, wala hawakungoja hesabu.

Hata hivyo kompyuta ina ila moja. Msukaji hawezi kurudia sawasawa. Safu moja hubana, nyingine hulegea, na humo ndimo mkono wake unamoonekana. Ukikata marudio moja tu, mkono huo umeufuta. Afadhali kukata marudio 4 au 6 kwa pamoja, ili tofauti hizo zibakie.

Tena nakshi hizo zina wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili huipa jamii haki juu ya kazi kama hizi, na serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kuweka daftari lake. Kwa hiyo, kabla ya kuuza kitambaa, muulize mama aliyesuka, mkubaliane. Andika pia jina la nakshi kama aliitavyo yeye, na mahali ilikosukwa. Ama faili, lihifadhi kwa mtindo wa PNG. Ule wa JPEG huvuruga kingo, na mshono uliouondoa kwa saa nzima ukarudi.