Mzee Akisha Kustaafu, Afanye Nini Mchana Kutwa?

Mmezoea kutusoma tukiongea juu ya mikopo, kuku na maji safi. Leo tungependa kuongea juu ya baba aliyestaafu. Tukitembelea nyumba za hapa Makupa tunamkuta kila mara: mtu ambaye kwa miaka thelathini aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda bandarini au kwenye reli, sasa ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio iko pembeni, na ukimwuliza leo ni siku gani, anafikiri kwanza.

Mmoja wao tunamfahamu vizuri. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Siku ya kustaafu alifanyiwa karamu, akapewa saa ya ukutani. Mwezi wa kwanza alilala mpaka saa tatu asubuhi, na nani angemlaumu? Mwezi wa pili akaanza kuhesabu sukari jikoni. Mama watoto, ambaye ameiendesha nyumba ile peke yake miaka yote, akaona sasa amepata msimamizi. Maneno yakawa mengi. Kabla mwaka haujaisha miguu ilikuwa imevimba, na kule zahanati akaambiwa presha iko juu. Sisi si madaktari, lakini kile kiti hatukipendi.

Hebu tuangalie miaka yenyewe. Tangu 2009 mtumishi wa serikali Kenya anastaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55. Pesa za NSSF mtu huzichukua akifika 60, au kuanzia 50 ikiwa ameacha kazi. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii zinawangoja wenye miaka 70. Kwa hiyo kuna muda mrefu hapo katikati ambapo mfuko ni mwembamba lakini mwili bado una nguvu. Wengine hukimbilia kununua matatu kwa pesa zote za kustaafu. Hiyo tutaiongea siku nyingine, maana tumeona machozi. Leo tunasema juu ya mambo ambayo hayataki pesa nyingi.

La kwanza ni kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, hata waliopita miaka 65, wafanye mazoezi ya kadiri angalau dakika 150 kwa wiki. Gawanya: ni nusu saa kwa siku tano. Wazee huongezewa mazoezi ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika fremu ya mlango ni mwanzo mzuri, wajukuu wakicheka wacha wacheke.

Kisiwa chetu hakina milima, kwa hiyo hatuna kisingizio. Toka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, hasa Desemba mpaka Machi. Kutoka Makupa unafuata Jomo Kenyatta Avenue mpaka Mwembe Tayari, unapumzika, unarudi. Mwenye miguu mizuri anaendelea mpaka Mji wa Kale, anapita Ndia Kuu kwenye kivuli cha nyumba, anatokea Fort Jesus. Ukichelewa utakuta wachuuzi wamepanga bidhaa kwenye njia ya miguu, na hapo utasukumwa barabarani penye tuktuk na bodaboda. Upande wa daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022, hatuwashauri wazee: trela ni nyingi mno.

Mara moja kwa wiki panda matatu mpaka karibu na feri ya Likoni, kisha utembee kule Mama Ngina. Ile bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2019. Kuna mibuyu, kuna upepo, kuna mahali pa kukaa, na meli zinapita pale mbele zikiingia Kilindini. Mtu wa bandari akifika hapo huwezi kumnyamazisha. Atakuambia meli hii imebeba nini kwa kuangalia tu ilivyozama majini. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, abebe maji, na asitembee peke yake.

Na wale wenye nyumbani kwao bara, msingoje matanga ndipo mwende. Tunawajua watu wa Taita ambao hupanda kwao kwa wiki mbili, wanatembea na wajukuu kwenye vilima vya Wundanyi, wanawaonyesha mipaka ya shamba na jina la kila kijito. Mtoto aliyezaliwa Makupa anarudi akijua anakotoka, na babu anarudi akilala usingizi mzito.

La pili ni mikono. Baraza zetu za Pwani ni kitu kizuri, na bao ni mchezo wa akili. Mtu hawezi kucheza bao bila kuhesabu. Lakini bao kuanzia asubuhi mpaka magharibi ni kile kiti cha plastiki tena, kimepewa jina lingine. Kuna wazee wanaoshona kofia hapo hapo barazani wakiongea. Kuna wanaosuka madema au kushona nyavu. Akina nyanya wana ukili, na mkeka mmoja unawakalisha pamoja wiki nyingi. Asiye na ufundi wowote achukue gunia, alijaze udongo na samadi, apande sukuma wiki ubavuni na mchicha juu. Ataamka kumwagilia, atake asitake.

Sasa tuseme wazi juu ya akina mama, maana hapa ndipo tunapokosea sana. Baba anastaafu, mama hastaafu. Akifika miaka sitini analetewa wajukuu wanne asubuhi na jioni anaambiwa "asante nyanya." Kuwa na wajukuu ni baraka, lakini tumeona mama akiacha chama chake, akiacha kwaya, akiacha hata kliniki yake ya sukari kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Wanangu, mwulizeni kwanza. Na baba yupo hapo nyumbani. Anaweza kumpeleka mtoto shule kwa miguu, na ile nusu saa yake ya mazoezi ikawa imepatikana.

Vikundi navyo vina kazi hapa. Vingi vya hapa vinaendeshwa na kina mama, na shida yao kubwa tunayoiona ni vitabu vya hesabu. Risiti zimepotea, daftari limeandikwa na watu watano, mwisho wa mwaka watu wanashukiana. Na hatua chache kutoka hapo ameketi mtu aliyehesabu magunia ya meli nzima bila kukosea. Mwiteni. Msimpe uenyekiti, atawatawala. Mpeni daftari, awe anasoma hesabu mbele ya wanachama kila mkutano, na pesa zishikwe na mwingine.

Kikundi kimoja kilimfuata yule karani wetu. Mkewe ndiye aliyewadokezea, nadhani ili apumzike jikoni. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akauliza daftari liko wapi, akalifungua, akasema "Hii nini sasa?" na akaomba kalamu nyekundu. Siku hizi hukutana nao Jumatano. Tulipomwomba aje ofisini Alhamisi atusaidie na letu, alisema hataweza. Alhamisi ana safari ya Mama Ngina na mjukuu, kuna meli anataka kumwonyesha.